Habari Ziwafikie

Jua likishazama, redio ya masafa ya kati huanza kazi yake ya pili. Mchana mawimbi yake hutambaa juu ya ardhi, yakafuata mviringo wa dunia, yakashuka mabondeni na kupanda vilimani, mpaka yanapoishiwa nguvu kilomita mia moja au mia mbili kutoka mnarani. Yale yanayopaa angani saa hizo hupotea, kwa sababu lipo tabaka la anga linaloamshwa na miale ya jua, nalo huyameza. Usiku tabaka hilo hutoweka. Mawimbi hupanda hadi tabaka la juu zaidi, yakagonga huko na kurudi chini mamia, hata maelfu ya kilomita kutoka yalikoanzia. Ndiyo maana mtu wa Tanga au Lamu, akizungusha kitufe taratibu saa tatu usiku kwenye upande ulioandikwa MW, hukutana na visomo na nyimbo kutoka Uarabuni, na katikati yake Kiswahili cha kituo ambacho mchana hakikuwepo kabisa.

Hakuna serikali iliyopanga iwe hivyo, wala mfanyabiashara aliyelipia. Wimbi la kati likishatoka mnarani haliulizi msikilizaji ni nani, amelipa nini, wala anaishi upande gani wa mpaka. Leo mitambo ya aina hii inazimwa nchi baada ya nchi, na mara nyingi inazimwa kimyakimya, kwa tangazo fupi linalowaomba wasikilizaji wahamie FM au kwenye simu. Mimi sina ugomvi na FM wala na simu. Ninachoomba ni tutazame vizuri kitu tunachokizima, kwa maana ndani ya teknolojia hii kulikuwa na ahadi ambayo sidhani kama tumeihamishia popote.

Tuanze na hesabu. Mawimbi ya FM huenda kama mwanga wa tochi: kilima kikisimama mbele, nyuma yake ni giza. Mtambo mzuri wa FM, uliowekwa mahali pa juu, hufika kilomita sitini hivi, pengine zaidi kidogo. Mtambo wa masafa ya kati wenye nguvu ya kilowati 100, ardhi ikiwa inapitisha umeme vizuri, hufika kilomita mia mbili mchana. Tofauti haionekani kubwa mpaka ukipiga hesabu ya eneo. Duara la kilomita sitini lina kilomita za mraba 11,000 na ushei. Duara la kilomita mia mbili lina zaidi ya 125,000. Tanzania ina ukubwa wa kilomita za mraba takriban 945,000. Kwa masafa ya kati nchi nzima ilihitaji mitambo mikubwa isiyofika hata kumi na tano, tukiacha nafasi ya maduara kupishana. Kwa FM inahitaji mitambo kwa makumi na makumi, na bado kila mlima wa Uluguru, Usambara na Livingstone unadai wake.

Kwa hiyo Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopewa jina hilo mwaka 1965 na ambayo leo ni TBC Taifa, iliweza kuwa redio ya taifa kwa maana halisi ya neno. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Gazeti lilifika vijijini likiwa limechelewa, kama lilifika. Redio ndiyo iliyofika siku ileile na saa ileile, Kyela kama Karagwe. Kijijini redio moja ilitosha nyumba kadhaa. Saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari, watu walisogea barazani kwa mwenye redio, na watoto wakaambiwa wanyamaze.

Kuitunza redio hiyo ilikuwa kazi. Betri zilipochoka zilitolewa na kuanikwa juani juu ya bati au kwenye ungo, kisha zikarudishwa zikatoa jioni moja au mbili zaidi. Sauti ilipofifia, mwenye redio hakuhangaika na ule mlingoti wa kuvuta, maana kwa masafa ya kati hausaidii. Aligeuza redio yenyewe, nzima nzima, akaielekeza mlangoni, akaielekeza dirishani, sauti ikawa inakuja na kupotea. Ukifungua mgongo wa redio ya namna hiyo utaona sababu: ndani kuna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, na hicho ndicho kinachokamata mawimbi. Kikilala ubavu mtambo unasikika; kikielekezwa mtamboni kwa ncha, unanyamaza. Wazee wale hawakufundishwa fizikia ya jambo hili, lakini mikono yao iliijua.

Na walikuwa wakisubiri nini? Salamu, muziki, mpira, michezo ya kuigiza, ndiyo. Lakini kipindi kilichonyamazisha nyumba kuliko vyote kilikuwa matangazo ya vifo. Mtangazaji alisoma kwa sauti isiyo na haraka: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha baba yake, au mama yake, au mwanawe, kilichotokea katika hospitali fulani, mazishi ni siku fulani. Kisha zikafuata sehemu walipo ndugu: mjomba aliyeko Tunduru, shangazi aliyeko Tabora, kaka aliyekwenda Geita. Mwisho, habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.

Tulilisikia fungu hilo mara nyingi hata tukaacha kulisikiliza. Lakini tulipime kwa uzito wake. Huyo mjomba wa Tunduru hakuwa na simu. Barua ingemfikia arobaini ikiwa imeshapita. Pengine hata anwani yake haikujulikana, maana alishahama mara mbili. Familia ilitoa ada ya tangazo, jina likasomwa mara moja tu hewani, na mtu asiyejulikana aliko akapata habari ya msiba wake, ama kwa masikio yake mwenyewe, ama kwa jirani aliyekuja mbio kumwambia kwamba kuna jina limetajwa, huenda ni lenu. Haya yaliwezekana kwa sababu mbili: wimbi lilifika kila mahali, na kila mtu alijua kwamba limefika kila mahali. Ile sababu ya pili ndiyo iliyomtuma jirani akimbie.

Nguvu hiyo ilitumika pia kwa kazi kubwa za umma. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Wanakijiji walijiunga katika vikundi vya kusikiliza; kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, vitabu vya kusoma, na redio. Walisikiliza kipindi pamoja kuhusu malaria, kichocho, minyoo au kuhara, wakasoma, wakajadiliana, halafu wakaamua watafanya nini: kufyeka majani, kuchimba vyoo, kulinda chanzo cha maji. Viongozi wa vikundi walikuwa zaidi ya 70,000, na walioshiriki ni watu wapatao milioni 2. Watu wazima wengi kati yao ndio kwanza walikuwa wakijifunza kusoma. Ukifikiria nchi ile ilikuwa na barabara gani na umeme kiasi gani, unaona kwamba hakukuwa na chombo kingine ambacho kingeweza kuwakutanisha watu wote hao juu ya somo moja katika wiki moja.

Ushahidi wa pili ni wa aina yake. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa kuigiza wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Wengi wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu. Watafiti walitaka kujua kama mchezo unabadilisha kweli mwenendo wa watu. Wakafanya jambo moja: mtambo wa Dodoma ukawa haurushi mchezo huo. Kwa miaka miwili, hadi 1995, saa ya Twende na Wakati ilipofika, wasikilizaji wa Dodoma walipewa kipindi kingine. Katika maeneo yaliyousikia, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kuliko Dodoma. Mwaka 1995 Dodoma nao wakafunguliwa, na huko pia yakapanda. Mpaka wa utafiti ule ulikuwa mpaka wa wimbi. Watu wa nchi moja, wenye sheria moja na hospitali za aina moja, walitofautiana kwa sababu wengine walifikiwa na wengine hawakufikiwa. Sijaona hoja nzito kuliko hii ya kuonyesha kwamba kufikiwa si jambo dogo.

Lakini tusiisifu redio ile kana kwamba haikuwa na kosa. Kile kilichofika kila mahali kilikuwa sauti moja, nayo ilikuwa ya mwenye nchi. Asiyekubaliana naye hakuwa na mahali pa kusemea. Kila mwenye kutaka madaraka alijua pa kuanzia. Januari 1964, mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea, John Okello, mmoja wa walioyaongoza, aliwahutubia watu wa Unguja na Pemba kwa redio. Agosti 1, 1982, wanajeshi walioasi Kenya waliiteka redio ya serikali, Sauti ya Kenya, na kumlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Si ajabu basi kwamba miaka ya 1990, sheria zilipolegezwa na vituo binafsi vikaja, watu walivipokea kwa furaha kubwa. FM ilikuja na sauti safi, muziki wa vijana, lugha ya mtaani, na mtangazaji anayepokea simu ya msikilizaji na kumwacha aseme. Huo ulikuwa uhuru wa kweli, na sitamani turudi nyuma ya mlango ule.

Hata hivyo, baadhi ya vituo hivyo vipya vilijua thamani ya wimbi la zamani. Mwanza, Radio Free Africa ilirusha pia kwa masafa ya kati, kilohezi 1377, na ikasikika kuzunguka Ziwa Victoria na kuvuka mipaka. Kituo binafsi cha mji wa ziwani kikawa na wasikilizaji Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Hii inatuonyesha kwamba masafa ya kati hayakuzaliwa yawe mali ya serikali. Wimbi ni wimbi. Aliyeshika kipaza sauti ndiye anayeamua litabeba nini.

Kwa nini basi yanazimwa? Sababu zipo, na ni za kweli. Mnara wa masafa ya kati si nguzo ya kubebea antena. Mnara wenyewe ndio antena. Kwa kilohezi 600 wimbi lina urefu wa mita 500, na mnara wa robo yake ni mita 125 za chuma, zikisimama juu ya kitako cha kauri ili umeme usitoroke ardhini. Chini yake, kuzunguka pande zote, zimefukiwa nyaya za shaba zinazofika mia moja na zaidi, zimetandazwa chini ya majani kama miale. Shaba ni mali, na wezi wanajua. Eneo lote linahitaji uzio, walinzi na fundi anayeuelewa mtambo, na mafundi hao wanastaafu bila warithi. Mitambo ya zamani ya valvu ilikula umeme karibu mara mbili ya ule inaourusha. Ankara ya mwezi ya mtambo mmoja wa kilowati 100 inatosha kuendesha vituo vingi vidogo vya FM, na mkurugenzi wa fedha anaiona ankara hiyo kila mwezi. Msikilizaji wa Liwale haoni, kwa sababu hayumo kwenye vitabu vyake.

Upande wa msikilizaji nako mambo yamebadilika. Chaja za simu za bei rahisi, taa za LED na inveta za sola hutoa kelele ya umeme inayoangukia papo hapo kwenye masafa ya kati, ikaja juu ya mikwaruzo ya radi tuliyoizoea wakati wa masika. Redio nyingi ndogo zinazouzwa sokoni leo zina FM tu, pamoja na nafasi ya kuchomeka kadi ya muziki. Simu nayo ina FM, kama inayo, na inataka uchomeke waya wa masikioni ndipo isikie. Kijana wa miaka ishirini anaweza kuwa hajawahi kusikia kituo cha masafa ya kati maishani mwake, na hana lawama.

Duniani mwelekeo ni huo huo. Deutschlandfunk ya Ujerumani ilizima masafa ya kati mwisho wa 2015. RAI ya Italia ikafuata Septemba 2022, na BBC ikaiondoa Radio 4 kwenye masafa hayo Aprili 2024. Japani, vituo 44 kati ya 47 vya biashara vya masafa ya kati vilitangaza mwaka 2021 kwamba vinataka kuhamia FM ifikapo 2028. India ilichukua njia nyingine: ilisimika mitambo zaidi ya 30 ya masafa ya kati inayoweza kurusha kwa mfumo wa kidijitali wa DRM, wenye sauti safi na matumizi madogo ya umeme, ingawa redio za kuupokea bado ni chache na ghali. Na Marekani yalitokea mabishano yenye somo. Baadhi ya watengenezaji wa magari ya umeme waliondoa masafa ya kati kwenye magari yao kwa sababu ya kelele ya mota. Mwaka 2023 Ford ilitaka kuyaondoa kwenye magari mapya karibu yote, kisha ikarudi nyuma baada ya kupingwa. Waliopinga walitaja jambo moja kwanza: mfumo wa taifa wa kutahadharisha watu wakati wa maafa unategemea vituo 77 vya redio, vingi vyake vya masafa ya kati, vinavyoweza kuwafikia zaidi ya asilimia 90 ya wananchi hata mambo mengine yote yakizimika.

Sisi huku hatuna haja ya kukisia mambo hayo. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikuja pwani ya Tanzania, Mafia na Lindi zikiwa njiani. Siku chache baadaye, Mei 12, nyaya mbili za intaneti zilizolala chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikabaki na intaneti ya kusuasua. Tumeona pia kwamba si lazima bahari ikate. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wa Tanzania, intaneti ilizimwa na watu wakakaa siku kadhaa wakitafuta kujua ndugu zao wako wapi na wana hali gani. Na Burundi, Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, vituo vya redio binafsi vya Bujumbura vilivamiwa na kuharibiwa. Vyote vilikuwa vya mjini, na sauti zao zikanyamaza. Saa kama hizo, sauti inayotoka ng'ambo ya mpaka, isiyopitia kwenye waya wa mtu yeyote, ina kazi ambayo hakuna kitu kingine kinachoifanya.

Ongeza bahari. Maji ya chumvi hupitisha wimbi la kati vizuri kuliko ardhi yoyote. Mtambo ulio karibu na ufuo hufika mbali zaidi upande wa maji kuliko upande wa bara. Mvuvi aliye nje ya mkondo wa Mafia, simu yake imeshapoteza mtandao tangu alfajiri, na FM ya mji imezama nyuma yake, bado anaweza kupata tahadhari ya upepo kwenye redio ya betri mbili. Mfugaji aliye Marsabit yuko katika hali hiyohiyo, na mkimbizi aliyekimbia na kifurushi bila chaja pia. Hawa si wachache, na hawapungui kwa kuwa hatuwahesabu.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Vyombo vyetu vipya vinamfikia mtu kwa kumhesabu kwanza. Mnara wa simu hujengwa penye wateja. Mahali pasipo na wateja hujengwa kwa kusukumwa na ruzuku. Kituo cha FM hufuata matangazo ya biashara, na matangazo hufuata wenye fedha. Programu ya simu hujua jina lako, mahali ulipo, umesikiliza dakika ngapi, na bando lako likiisha hukuacha papo hapo. Masafa ya kati hayajui lolote kati ya haya. Kwa mfanyabiashara ni udhaifu, kwa maana hawezi kumwonyesha mdhamini ni nani waliosikiliza. Kwa raia ni jambo jema sana, kwa maana anaweza kusikia bila kulipa, bila kuandikishwa na bila kufuatwa. Atakayezungumza naye kwa njia hii hana budi kuzungumza na wote.

Nafikiri basi kwamba kazi ya masafa ya kati leo ni ya akiba na ya pembezoni. Hayawezi kurudi kuwa sebule ya taifa, na si lazima yarudi. Muziki na mabishano ya mpira yabaki FM, yanakopendeza. Lakini akiba isiyotumika huoza. Mtambo ukiwashwa siku ya kimbunga tu, hautamkuta msikilizaji, kwa kuwa redio yenye MW itakuwa imeshatupwa na mkono uliojua kuigeuza utakuwa umesahau. Lazima kuwe na sababu ya kuusikiliza kila siku: hali ya bahari kabla ya jahazi kung'oa nanga, bei za mazao na mifugo, masomo ya shule kwa maeneo yasiyo na walimu wa kutosha, na matangazo ya kutafutana ya watu waliopoteana. Na lazima pawe na sheria inayomzuia mtawala kukifanya kipaza sauti hicho kuwa chake peke yake, la sivyo tutakuwa tumeuhifadhi ugonjwa pamoja na dawa.

Haya hayahitaji fedha za kutisha. Mitambo ya kisasa isiyo ya valvu hurejesha hewani sehemu kubwa ya umeme inaoupokea. Nchi zetu hazihitaji minara mingi. Zinahitaji michache iliyosimama mahali pake, mmoja karibu na bahari, mmoja karibu na ziwa, mingine katika nyanda zisizo na watu wengi, yenye jenereta na fundi kijana aliyefundishwa na mzee kabla hajastaafu. Zinahitaji pia redio zinazoingia bandarini ziwe na MW, kama tunavyodai vitu vingine vikidhi viwango.

Na kabla ya kuzima mtambo wowote, shirika lenye mtambo huo litoke kwanza na redio mkononi. Liende kwenye ukingo wa duara lake, kilomita ya mia na themanini, kijiji kwa kijiji, liulize nani anasikiliza na atasikiliza nini kesho. Likishakuta kwamba kila mtu amepata njia nyingine inayofanya kazi bila bando, bila umeme wa gridi na bila ruhusa ya mtu, lizime kwa amani. Likikuta nyumba moja isiyo na njia hiyo, bado lina deni, na deni la kumfikia raia hulipwa na anayetoza kodi.